Chenga za Bahi

Bibi alijuaje?

Hilo ndilo swali mlilonitupia kila mmoja wenu tangu niliporudi, baada ya Mjomba Elia kuitangaza habari kwa ile sauti yake ya mnadani. Bibi alijuaje kwamba Yona anaingia uwanjani, wakati kwenye runinga alikuwa hajaonekana hata kunyanyuka benchi? Mimi ninayebishana hata na utabiri wa hali ya hewa, nilisimama pale na spana mkononi nikimtazama Bibi badala ya mpira. Basi nawaandikia safari nzima kama ilivyokuwa, ili mwache kunipigia simu mmoja mmoja.

Kwa wasioijua familia yetu: Bibi ni mama mzaa mama, anaishi kijiji kimoja ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Bahi. Yona ni mdogo wangu. Bibi ndiye aliyemlea hadi alipomaliza darasa la saba. Yona alipoitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, Bibi aliongea na Mjomba kwa simu, akasema maneno machache tu: "Siku hiyo nisiwe peke yangu."

Mjomba akakata simu, akanigeukia. "Umesikia? Anataka kumwona mtoto akicheza."

Nikakubali. Kati ya mambo yote niliyoyahoji katika safari hii, na niliyahoji mengi, hilo sikulihoji.

Ipagala: dishi la gari na dishi la mechi

Kumleta Bibi mjini, kwetu Ipagala, Dodoma, hakukuwezekana. Alikuwa ameacha kusafiri. Alisema ni magoti. Nyumbani kwake hakuna umeme, na kibanda umiza cha karibu, kile cha kulipia kutazama mpira, kiko kijiji cha pili, benchi moja watu kumi na moshi wa sigara. Ikabaki njia moja: tumpelekee runinga hadi uani.

Hapo ndipo Mjomba Elia alipoona siku yake imefika. Mjomba ni dereva mstaafu wa mabasi. Amenunua Hiace kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, na sola juu ya paa. Anaiita nyumba ya magurudumu na anataka kuwakodishia watu wanaotembelea michoro ya mapangoni kule Kondoa. Kwa muda mrefu alikuwa akisema nyumba isiyo na tivii ni stoo. Sasa alipata sababu.

Tuliyapitia machaguo yote. Kuna lile kuba jeupe aliloliona mtandaoni, unaliweka juu ya paa linajitafutia mawimbi lenyewe hata gari likitembea. Hilo ni la kuagiza nje, na mechi isingelisubiri meli. Kuna antena ya kawaida, ile ya miiba ya samaki. Mjini inashika vizuri, ukishaviacha vilima vya Dodoma inakufa. Likabaki dishi. Tukamwita Side, fundi wa madishi, mtu wa Kondoa anayeishi mtaa wa nyuma yetu. Alikuja na madishi mawili.

"Hili ndilo la gari," alisema, akalilaza moja kama sahani inayosubiri ugali. "Setilaiti yake iko karibu na utosi wetu hapa Dodoma. Gari ligeuke lisigeuke, dishi linaangalia juu tu. Likikosa mawimbi ni kidogo tu, unalisukuma."

"Na mechi ipo kwenye hilo?" niliuliza.

"Mechi?" Akajikuna shingo. "Mechi ipo kwenye hili lingine. Hili linaangalia magharibi."

"Sasa kwa nini unatuuzia lisilo na mechi?"

"Dada, mmeniita mkasema dishi la gari. Hamkusema dishi la mechi."

Mjomba alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi ya gari. Tukachukua la magharibi. Side akaanza kulifunga kwa boliti juu ya keria, na mimi nikaanza tena.

"Likifungwa hapo, gari likigeuka dishi nalo linageuka. Tutafanyaje?"

"Msigeuke."

"Side."

"Dada, mkifika mnaegesha pua ya gari mashariki. Basi. Kila siku mashariki. Kama Waislamu tulivyo na kibla, na ninyi mna chenu."

Nilisema dishi lingekaa vizuri zaidi chini, kwenye bomba lake, mbali na gari. Mjomba akasema nyumba ya kifahari haianiki dishi chini kama mchicha. "Bi Kwanini," alisema, na hilo ndilo jina langu kwake tangu nikiwa shule ya msingi, "mwache fundi amalize." Hata hivyo nilitia bomba na boliti za akiba chini ya kitanda bila kumwambia.

Ipagala hadi Bahi: una chenga?

Tuliondoka siku mbili kabla ya mechi kwa safari ya asubuhi moja. Nilimwuliza Mjomba kwa nini mapema hivyo. Alisema dereva anayefika kwa wakati ni yule aliyeondoka jana.

Barabara ya Manyoni ni lami nzuri, ila Mjomba alisimama kila alipoona sababu. Alisimama kununua zabibu. Alisimama kumwonyesha dereva wa lori aliyeharibikiwa jinsi kitanda kinavyokunjwa. Kundi la ng'ombe lilipovuka barabara alizima injini kabisa, akateremka, akazungumza na mchungaji kuhusu malisho kana kwamba ndicho kilichotutoa nyumbani. Tulifika Bahi jua limekwisha kupinda.

Tukaegesha karibu na soko ili tulijaribu dishi. Pua ya gari mashariki. Mimi ndani mbele ya runinga, Mjomba juu ya paa, tukazungumza kwa kupaza sauti kupitia dirishani.

"Inaonyesha?"

"Hakuna mawimbi!"

"Sasa je?"

"Inaganda! Rudi kidogo!"

Kwa kweli runinga za siku hizi hazina zile chenga za zamani, zile punje nyeupe zilizokuwa zikichemka kwenye kioo. Picha inaganda vipande vipande au inazimika. Lakini Mjomba ni mtu wa zamani, na kwake picha mbaya yoyote ni chenga.

"Una chenga bado?" alipaza.

"Chenga tupu!"

"Nyingi?"

"Nyingi sana!"

Mlango wa gari ukagongwa. Mama mmoja aliyejifunga khanga mbili alikuwa amesimama na debe kichwani, nyuma yake mwenzake na gunia.

"Hizo zenu msiuze kwanza," alisema. "Za kwangu zimepepetwa. Tazama. Hazina pumba."

Nilitazama ndani ya debe: mchele uliovunjika, punje ndogondogo nyeupe. Chenga. Alikuwa amesikia watu wa mjini wakitangaza chenga nyingi kutoka kwenye gari, akadhani tumekuja kumharibia soko.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwonyesha runinga, nikamwonyesha dishi. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Kwa hiyo za kwenu zinatoka juu?"

"Ndiyo, mama."

"Na haziliwi?"

"Haziliwi."

"Basi chukueni zinazoliwa."

Tukachukua. Mjomba alisema Bibi anazipenda chenga kuliko mchele mzima kwa sababu meno yake yamebaki ya kuhesabika. Yule mama akatuelekeza pia kwa jirani yake aliyekuwa na kambare wa kwenye mbuga. Mwaka huu maji yalikuwa mengi na samaki walikuwapo. Tulikula kambare na wali wa chenga nyuma ya gari, runinga imeshika taarifa ya habari safi kabisa, na akina mama wa soko wamesimama mlangoni wakitazama wasomaji wa habari na kusifia mitandio yao. Tukalala hapohapo. Nilianza kuamini kwamba Side alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania.

Bahi hadi kwa Bibi: tope, pawatila na mgunga

Asubuhi niliwauliza waendesha bodaboda kama njia ya kwa Bibi inapitika. Wa kwanza alisema inapitika. Wa pili alisema inapitika. Wa tatu alitazama magurudumu yetu, akasema, "Sisi inapitika."

Mjomba alisikia zile mbili za kwanza tu.

Njia ile inakata katikati ya mashamba ya mpunga, juu ya tuta jembamba. Hatukwenda mbali. Gari liliteleza upande mmoja, likaketi kwenye tope kama bata. Tulichimba, tukaweka matawi, tukasukuma, na kila tulipofanya jambo likazama zaidi. Kuanzia hapo sikuogopa tena kulala njiani. Niliogopa mechi ya kesho yake saa kumi jioni, na Bibi akiwa peke yake uani, siku ile ile aliyoomba asiachwe.

Waliopita walisimama. Kila mmoja alikuwa na shauri, na kila shauri lilianza na "mngepita kule." Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alifungua kitambaa akatoa kadi ya kliniki. "Leo ndiyo chanjo? Mbona hatukutangaziwa?" Gari jeupe, kitu cha duara juu ya paa: alikuwa na haki ya kukosea. Tulipomwambia ni la kuangalia mpira, alirudisha kadi yake, akasema, "Mpira umeleta gari mpaka huku, na mganga hajaleta."

Nikarudi kuchimba.

Aliyetutoa aliitwa Daudi, mkulima, alikuja na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono ambalo wanalimia majaruba ya mpunga. Kabla hajafunga kamba aliuliza sisi ni wa nani. Mjomba akataja jina la Bibi.

"Yona ni nani kwenu?"

"Mdogo wangu," nikasema.

"Yule aliyenipiga chenga mimi mbele ya shule nzima, nikaanguka kwenye miba?" Akakaza kamba kwa nguvu. "Nitawatoa. Lakini kesho nakuja kumwona. Nakuja na watu."

Pawatila ilinguruma, kamba ikakatika mara moja, ikafungwa tena, na jua likiwa limeinama gari likatoka na sauti ya busu kubwa. Tulilala kwenye tuta kavu alilotuonyesha Daudi. Mbu walikula vizuri kuliko sisi.

Kesho yake tulibakiza kipande kidogo tu, pori la migunga. Mjomba alikuwa akiimba. Nilisema, "Mjomba, lile tawi." Alisema, "Gari linapita." Ni kweli, gari lilipita. Dishi halikupita. Tulisikia mlio kama sufuria likidondoshwa jikoni, na nilipotazama nyuma dishi lilikuwa linaning'inia kwenye mgunga, linayumba taratibu, linaangalia kila upande isipokuwa magharibi.

Mjomba alizima injini.

"Lina hali gani?" aliuliza, bila kushuka.

Lilikuwa na mkunjo pembeni, na boliti mbili zimekwenda. Jicho lake, kile kifaa cha mbele kinachopokea mawimbi, kilikuwa kizima. Nilivuta bomba kutoka chini ya kitanda. Mjomba alilitazama bomba, akanitazama mimi.

"Bi Kwanini," alisema, "siku nyingine usinisikilize."

Uani: bakuli kwenye kinu

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kilemba kimefungwa vizuri, kama anayesubiri wageni wa harusi. Hakunyanyua mkono tulipompungia. Alipotusikia sauti ndipo uso ulipofunguka, akatusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, wanangu! Nilisema leo hamfiki."

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Huyu ndiye mwenye maswali. Njoo nikushike."

Alinipapasa uso, mabega, mikono, akasema nimekonda. Nilimkabidhi chenga za Bahi. Akatia mkono ndani ya mfuko akazichezea na kufurahi sana. Ugali wa uwele na mlenda ulikuwa tayari. Nilimeza matonge mawili, nikakimbilia dishi.

Bomba lilihitaji kitu kizito cha kulisimamisha. Mawe yalikuwa madogo, ardhi ngumu. Bibi aliuliza tunatafuta nini, kisha akasema, "Chukueni kinu." Tukaliingiza bomba ndani ya kinu chake cha mninga, tukakijaza mchanga, tukashindilia kwa mchi. Dishi likasimama. Daudi alikuwa amefika na watu wake, na walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri.

Nilitafuta magharibi kwa dira ya simu. Kwanza dira ilinionyesha magharibi upande jua lilikotoka asubuhi. Nikajua ni chuma cha gari kinaichanganya. Nikatembea mbali nalo hadi ikatulia. Mjomba akaingia garini kusoma kipimo cha mawimbi. Kila alilosema likarudiwa na uwanja mzima.

"Kulia!"

"Kuliaaa!"

"Umepitiliza!"

"Amepitiliza!"

Bibi aliniita. "Mpira unachezwa wapi?"

"Dar es Salaam, Bibi."

"Dar iko kule jua linakotoka. Mbona jua linanipiga usoni na sauti yako naisikia kutoka hukohuko? Bakuli lenu linatazama linakozama?"

"Picha inarushwa juu kwanza, Bibi. Kuna kitu kule angani, upande wa magharibi. Kinaipokea, kinatuletea."

"Umekiona?"

"Hapana. Hakionekani."

"Kumbe," alisema Bibi, "na wewe unaamini usichokiona."

Watu walicheka hadi nikapoteza pembe ya dishi. Ilibidi nianze upya. Wachezaji walikuwa wameshaingia uwanjani, hilo tulilijua kwa saa tu, na king'amuzi bado kinasema hakuna mawimbi. Nikainua dishi kwa unene wa kidole. Ndani ya gari Mjomba akapiga kelele isiyo na neno, na wimbo wa taifa ukatoka kwenye spika. Watu wote uani wakasimama.

Tulimweka Bibi mlangoni mwa gari, karibu kabisa na kioo. Picha ilikuwa safi, unaona hadi nyasi.

"Bibi, unaona?"

"Naona," alisema. "Chenga kidogo."

Kwangu hazikuwapo. Nilimwuliza tena. "Kidogo tu," alisema, "nyeupenyeupe." Mjomba akanifanyia ishara: katengeneze, mgeni wa heshima kasema. Nikarudi kwenye kinu, nikalisukuma dishi kidogo sana, na picha ikapotea kabisa.

Sitawasimulia kelele nilizopigiwa. Sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza ilikwenda hivyo, mimi nikizungusha, Mjomba akisema bado, Daudi akisema heri angeniacha topeni. Bibi peke yake hakulalamika. Alikaa pale ameelekea kioo cheusi, mkono shavuni, akisema, "Tulieni. Bado hawajafungana." Nilidhani anatufariji.

Picha ilirudi wakati wa mapumziko. Nilifunga boliti kwa nguvu zangu zote, nikatangaza kwamba atakayegusa kinu nitamtwanga humo. Kamera ikapita benchi na nikamwona Yona, koti hadi shingoni, ameachia ndevu ambazo Mama angemgombezea. Spana ilikuwa bado mkononi mwangu. Kipindi cha pili kikaenda, kikaenda. Nikaanza kujiandaa kumwambia Bibi kwamba kuitwa tu nako ni jambo kubwa.

Ndipo Bibi aliponyanyua kichwa.

"Anaingia," alisema.

Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Mpira ulikuwa katikati, na benchi halikuonekana.

"Nani, Bibi?"

"Mtoto anaingia."

Kisha kamera ikageuka, na mdogo wangu akawa amesimama pembeni mwa mstari, anavua koti. Uani watu walilipuka. Mimi nilikuwa namtazama Bibi.

Hakufunga bao, mnajua wenyewe, na mechi iliisha sare. Lakini kuna ule mpira alioupata upande wa kushoto. Bibi alianza kucheka kabla, akapiga paja na kusema, "Kamwacha!" Sisi tukaona Yona anausogelea mpira, anajifanya anakwenda ndani, anatoka nje, beki anakaa chini. Daudi akalia, "Ni ileile! Ni ileile ya kwenye miba!" Akamkumbatia Mjomba. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi alikuwa ameshika mkono wangu, na hakuuachia mpaka filimbi ya mwisho.

"Unajuaje, Bibi?" nilimwuliza.

"Namjua mtoto wangu," alisema.

Kurudi, na yaliyofuata

Tulirudi Ipagala siku iliyofuata kwa njia ya mzunguko, ile ambayo kila mtu alisema tungepita. Haikutuchukua hata nusu siku. Dishi lilisafiri kitandani, limefunikwa blanketi, na Mjomba hajataja tena kulifunga juu ya paa. Amenunua kinu. Nililala njia nzima usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Mjomba alishikilia kwamba wazee wana mambo yao, na mimi nilikataa, ila sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Hayo niliyaandika wiki ile, nikayaacha. Sasa naongeza kipande kilichobaki, kwa sababu mvua nyingine zimekwisha kupita na nimetoka kumpeleka Bibi kwa daktari wa macho. Alijikwaa kwenye kinu kilekile, ndipo tukamshika kwa nguvu tukamleta mjini. Daktari alimmulika, akasema mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wa siku nyingi. Alimwuliza tangu lini anaona ukungu. Bibi akajibu kwamba ni tangu kabla Yona hajaitwa timu ya taifa.

Amepasuliwa, na anaona. Yona alipokuja kumsalimia, Bibi alimtazama kwa muda mrefu kisha akauliza, "Hizi ndevu umeziota lini?"

Nilimfuata Bibi jikoni. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia siku ile.

"Mmetoka na dishi Ipagala," alisema, "mmelala njiani, mmelisimamisha kwenye kinu changu. Niwaambie sioni? Mimi niliomba nisiwe peke yangu, na sikuwa peke yangu."

Halafu, kwa kuwa sikuondoka, akaniambia lililobaki. Siku ile, ndani ya sikio la kushoto, chini ya kilemba, alikuwa na waya wa kusikilizia wa kitochi, ile simu ndogo yenye tochi na redio, alichonunuliwa na Yona, na redio yake ilikuwa ikimfikishia mpira sekunde chache kabla dishi letu halijaupata.